Taa Peke Yake Haiokoi Chombo

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa meli hukiona, kabla ya kufika mjini, kisiwa kidogo cha Chumbe na mnara wake ukichomoza juu ya miti. Wengi huutazama kama pambo la bahari. Lakini mnara huo umekuwa kazini tangu mwaka 1904, ukiwaonya manahodha juu ya miamba iliyojificha majini.

Waingereza, waliokuwa wakiitawala Zanzibar wakati huo, waliujenga wakifikiria kwanza meli zao za biashara. Hata hivyo bahari haina ubaguzi. Taa iliyomwongoza nahodha wa meli ya kigeni ilimwongoza pia nahodha wa jahazi letu. Katika zama hizo taa za minara zilitegemea mikono ya binadamu. Mlinzi alitia mafuta, alikata tambi, alisafisha vioo, na alikesha wakati wenzake wamelala. Pale Chumbe nyumba ya mlinzi ingalipo, na msikiti wake mdogo pia.

Mwaka 1926 taa ya Chumbe iligeuzwa kuwa ya gesi, kwa mitambo ya AGA, kampuni ya Uswidi iliyokuwa ikiongozwa na Gustaf Dalén. Bwana huyo ndiye aliyebuni vali ya jua. Ndani yake mna fimbo nyeusi ambayo mchana hupata joto, hurefuka na kuifunga gesi. Jua likitua hupoa, hufupika, na taa huwaka yenyewe. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, mwaka uleule alipopofuka kwa mlipuko wa gesi. Siku hizi minara mingi duniani hutumia umeme wa jua, na manahodha huongozwa pia na setilaiti.

Maendeleo hayo ni ya kupongezwa. Lakini tusidanganyike kwamba mtambo ukishawaka, wajibu wa binadamu umekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ilizama mchana, katika bahari iliyochafuka, jirani na Chumbe yenyewe. Mamia ya ndugu zetu walipotea katika misiba hiyo miwili. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hakuna taa iwezayo kumteremsha abiria aliyezidi, wala kumzuia nahodha aliyeamua kung'oa nanga katika upepo mkali.

Kwa hiyo ile zamu ya mlinzi wa Chumbe haikufutwa. Imegawanywa kwetu sote. Mkaguzi bandarini asitie saini kabla hajahesabu watu. Mwenye meli asitangulize nauli mbele ya roho za watu. Abiria naye akubali kungoja meli ya kesho. Aidha, taa, betri na maboya yaliyoko baharini ni mali ya umma. Anayeviiba au kuviharibu anamzimia taa ndugu yake aliye majini.

Mlinzi wa zamani hakujua majina ya wale aliowakeshea. Aliwakeshea hivyohivyo, kwa kuwa walikuwa watu. Nasi hatuna budi kufanya kama yeye.