Goti likishapasuliwa ndo safari inaanza

Wadau, nimeadimika kidogo, si mnajua tena mitihani. Leo magoti. Tangu mshkaji wetu wa timu ya chuo achanike ile ligamenti ya ndani ya goti, wenyewe wanaita ACL, kila kona ni mchango wa kumpeleka MOI, Dar, akapasuliwa. Nimeshatoa. Ila naona tunachangia nusu tu ya matibabu.

Kwenye upasuaji daktari anachukua kano, mara nyingi ya nyuma ya paja au ya chini ya kofia ya goti, anaipachika pale ilipokatika ligamenti. Saa chache umetoka. Halafu? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2014 ulikuta asilimia 81 wanarudi kwenye michezo ya namna fulani, 65 kwenye kiwango chao cha zamani, na kwenye mashindano ni 55 tu. Vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne anaumia tena, goti lile lile au la pili. Utafiti mwingine, wa 2016, ulionyesha kila mwezi unaovumilia, mpaka ufike wa tisa, hatari inapungua kama nusu. Jamaa yetu anasema miezi minne inamtosha. Daa!

Kibaya zaidi, goti lililochanika, lipasuliwe lisipasuliwe, kwa karibu nusu ya watu linaanza kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20. Na sisi ni walimu watarajiwa jamani, kusimama ubaoni mpaka miaka 60. Piga hesabu mwenyewe.

Sweden walichukua vijana 121: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakaanza na mazoezi, kupasuliwa baadaye ikibidi. Baada ya miaka 5 matokeo yakalingana, na karibu nusu ya hao wa mazoezi hawakuguswa kisu kabisa.

Wapagazi wa enzi za misafara wakitoka Bagamoyo walipumzika hapa Tabora, lakini wa Ujiji walijua mzigo bado. Upasuaji ndo Tabora yenyewe. Sasa nani anachangia bajaji ya kwenda mazoezi tiba kila wiki, miezi tisa? Hapo bumu limeshakata!

Najua mtanitajia Yacouba Songne, aliyeumia goti 2021 akiwa Yanga, akapasuliwa, na baadaye tukamwona na jezi ya Tabora United. Sawa, lakini yule alikuwa na klabu nyuma yake. Mshkaji wetu ana sisi. Mweka hazina, igawe ile hela mafungu mawili kabla hajapanda treni.