Gazeti la Mjini na Kura ya Bwera

Wako wenzetu hapa wasemao kwamba gazeti kubwa la mjini likitaja mtu wa kuchaguliwa, yafaa tumfuate, maana watu wa mjini ndio wajuao mambo. Mimi sikubali. Mwaka 2016 magazeti mengi makubwa ya Marekani yalimtaka Hillary Clinton. Akashinda Donald Trump. Mwaka 2024 gazeti la Washington Post likakataa kumtaja mgombea yeyote. Na kwetu je? Kampala ilimpa Besigye kura nyingi mwaka 2016, ikampa Kyagulanyi mwaka 2021, na mara zote mbili Museveni akatangazwa mshindi. (Tena magazeti hayo mengi ni ya Kiingereza, na bibi yangu husikiliza redio kwa Kikonjo.)

Lakini sisemi mji hauna maana. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, maji yakaingia Hospitali ya Kilembe. Fedha za madaraja na hospitali hugawanywa Kampala, si Bwera. Huko ndiko namtaka mwandishi wa gazeti: aulize ni kiasi gani kimetolewa kwa ajili ya Kasese, kisha aje aone kilichojengwa, atuandikie. Nina miaka 19 na kura moja. Akinipa habari hizo, mtu wa kumchagua nitamtafuta mwenyewe.