Makocha bora na wa hovyo wa Simba: mbona Mgunda hatajwi?

Desemba 2025 SIMBA ilimtangaza Steve Barker kutoka Stellenbosch ya Afrika Kusini kuwa kocha wake mpya, na kama kawaida yetu, kabla hata hajakanyaga uwanja wa mazoezi, vijiwe vilishaanza kupanga orodha. Nani kocha bora aliyewahi kupita Msimbazi? Nani wa hovyo kuliko wote? Kuanzia Mpale, Korogwe Mjini, mpaka ukifika Kabuku kule Handeni, ubishi ni ule ule. Mmoja anamtaja Patrick Aussems, mwingine Didier Gomes, mzee mmoja pembeni anakumbusha Patrick Phiri. Ukifika kwenye wa hovyo, hapo hakuna mjadala mrefu. Ni Robertinho, sababu 5-1.

Nimezisikiliza orodha hizo na nina ugomvi nazo. Ya bora inapangwa kwa makombe bila kuuliza kocha alikabidhiwa wachezaji gani. Ya wabovu inapangwa kwa mechi moja. Na zote mbili zinamruka mtu mmoja ambaye sisi wa mkoa wa Tanga tulipaswa kuwa wa kwanza kumtaja, Juma Mgunda.

Twende na hesabu kwanza. Tangu Julai 2018 Simba imepita kwa Aussems, Sven Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids na Dimitar Pantev. Tisa hao, Barker wa kumi. Wote wageni. Ukigawanya muda wenyewe, kila mmoja anapata wastani wa miezi kumi hivi, na hapo hujatoa zile wiki ambazo timu ilikuwa mikononi mwa wazawa wakati viongozi wanasaka jina jingine nje. Kwa miezi kumi kocha anamaliza nini? Hata shamba la mihogo linataka subira zaidi ya hapo.

Aussems, au Uchebe kama mashabiki walivyomwita kwa ndevu zake, sina shida naye. Msimu wa 2018/19 aliipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa njia ya ajabu sana. Ugenini alipigwa tano na AS Vita, akapigwa tano na Al Ahly, akafungwa mbili na JS Saoura. Nyumbani akawafunga wote watatu. Saoura 3-0, Ahly 1-0, halafu siku ile ya Machi 2019 Clatous Chama akamaliza kazi dhidi ya Vita, 2-1, dakika zikiwa zimekwisha. Ile hofu ya wageni kuja kwa Mkapa ilizaliwa msimu ule. Lakini jamani, alikuwa na Emmanuel Okwi, Meddie Kagere, John Bocco na Chama kwenye kikosi kimoja. Na Agosti iliyofuata akatolewa na UD Songo ya Msumbiji mapema kabisa, Novemba akaondoka.

Gomes ndiye mfano mzuri zaidi wa ninachosema. Mwaka 2021 aliongoza kundi lenye Al Ahly, Vita na El Merrikh kwa pointi 13, akamfunga Ahly kwa bao la Luis Miquissone, akachukua ligi na Kombe la FA. Ukisimamisha orodha hapo, huyu ndiye namba moja. Agosti mwaka huo huo Chama akauzwa Berkane, Miquissone akaenda Al Ahly. Oktoba 24 Jwaneng Galaxy ya Botswana, ambayo Simba ilishaifunga 2-0 kwao, ikaja Dar es Salaam ikashinda 3-1 na kuitoa Simba kwa bao la ugenini. Siku mbili baadaye Gomes hakuwa tena kocha wa Simba. Kocha ni yule yule, miezi michache tu katikati. Kilichobadilika ni kwamba wale wawili waliokuwa wanaamua mechi hawakuwepo. Sasa wewe unayemweka Gomes juu kwa pointi 13, na wewe unayemweka chini kwa Jwaneng, mnambishia nani hapo? Nyote mnawapima Chama na Miquissone.

Tuje kwa Robertinho, maana hapa ndipo watu wanakasirika. Novemba 5, 2023 Yanga ilishinda 5-1 na siku mbili baadaye Mbrazil huyo alifungashiwa virago. Sitetei kipigo kile, kilikuwa cha aibu. Lakini tangu apokee timu Januari mwaka huo hadi siku ile, alikuwa hajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Aprili alishamfunga Yanga 2-0. Wydad, waliokuwa mabingwa wa Afrika, aliwafunga 1-0 kwa Mkapa na wakamtoa kwao kwa penalti. Agosti alikuja hapa Mkwakwani, akabeba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga baada ya Ally Salim kupangua penalti tatu. Mwezi mmoja kabla ya kufukuzwa watu walikuwa wanalalamika timu inashinda lakini haivutii. Hoja hiyo naielewa, hata mimi sikuipenda sana ile soka. Kumwita kocha mbovu kuliko wote katika historia ya klabu kwa dakika 90, hapana.

Kama lazima nitaje wa chini kabisa, namchagua Zoran Maki. Alikuja Julai 2022, akapewa kambi ya maandalizi ya msimu, akapanga timu kwa mawazo yake, na mwanzoni mwa Septemba klabu ikasema wamekubaliana kuachana. Ligi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mechi ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa imebaki siku chache. Kocha anayefungwa unaweza kumtetea, lakini aliyeondoka kabla hata ya kupimwa utamtetea kwa lipi? Pantev naye alikaa miezi miwili tu, akapoteza mechi mbili za makundi mfululizo, kwa Petro de Luanda hapa nyumbani na kwa Stade Malien kwao, na Desemba 2 wakaachana. Yeye angalau alifukuzwa.

Na pengo la Zoran nani aliliziba? Mgunda, aliyefuatwa Tanga akiwa na Coastal Union, timu aliyoichezea enzi zile inabeba ubingwa wa 1988. Miezi miwili tu nyuma, Julai 2, 2022, alikuwa Arusha kwenye fainali ya Kombe la FA, Coastal yake ikatoka 3-3 na Yanga ambayo haikuwa imefungwa msimu mzima kwenye ligi, Abdul Suleiman 'Sopu' akifunga yote matatu, ikaenda kufa kwenye penalti. Mtu huyo akapewa Simba Septemba 7. Septemba 10 alikuwa Lilongwe. Siku tatu!

Akamfunga Nyasa Big Bullets 2-0 kwao, akarudia 2-0 Dar es Salaam. Akaenda Luanda, akaifunga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, akamalizia 1-0 nyumbani. Mechi nne za kimataifa, ushindi mara nne, Simba makundi. Wiki moja baadaye dabi ya Kariakoo ikaisha 1-1. Mashabiki wakamwita 'Guardiola Mnene', kwa utani ule wa upendo. Azam ikamfunga 1-0 Oktoba, na msimu ulipoisha ule ulikuwa mchezo pekee wa ligi Simba iliopoteza. Lakini kabla ya hapo, Januari, alishateremshwa kuwa msaidizi, Robertinho akashuka kwenye ndege.

Aprili 2024 hadithi ikajirudia. Benchikha, ambaye mwaka mmoja kabla aliivunja mioyo ya Yanga kwenye fainali ya Shirikisho akiwa na USM Alger, aliondoka siku moja tu baada ya kubeba Kombe la Muungano kule Zanzibar. Mgunda akaitwa tena, safari hii akitokea Simba Queens. Akamfunga Azam 3-0, akamaliza ligi bila kupoteza mchezo. Simba ikafikisha pointi 69 sawa na Azam, ikaikosa nafasi ya pili, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, kwa tofauti ya mabao tu. Mabao hayo hayakupotea mikononi mwake. Tano kati ya yaliyofungwa yalikuwa ya ile Novemba.

Kwa hiyo ukijumlisha vipindi vyake viwili, kwenye ligi Simba ya Mgunda ilifungwa mara moja tu. Kimataifa haikufungwa. Nitafutie kocha kati ya wale tisa mwenye rekodi hiyo.

Najua jibu litakalokuja. Kwamba muda wake ulikuwa mfupi, kwamba hakukutana na Al Ahly wala Wydad, kwamba kocha wa mpito hana presha ya makombe. La kwanza na la pili ni kweli kabisa, na ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikasema Mgunda ndiye kocha bora wa Simba. Lakini muda wake ulikuwa mfupi kwa sababu aliukatiwa. Huwezi kumnyang'anya mtu mtihani halafu ukasema hajafanya mtihani. Hilo la presha ndilo silikubali kabisa. Kupokea Simba siku tatu kabla ya mechi ya Afrika, ukijua ukitolewa utakuwa 'yule mswahili aliyetuharibia', kama hiyo si presha basi sijui presha ni nini.

Hii tabia haikuanza juzi. Simba imecheza fainali mbili tu za Afrika. Ya pili ni ya mwaka 2025, Fadlu alipofungwa 2-0 Morocco na Berkane, kisha sare ya 1-1 Zanzibar. Ya kwanza ni ya 1993, Kombe la CAF, sare tasa Abidjan na kipigo cha 2-0 Dar es Salaam mbele ya Stella. Kocha wa 1993 alikuwa Abdallah Kibadeni, mzawa, mchezaji wa Simba hiyo hiyo. Yaani katika Wazungu wote waliopita pale, kuanzia Milovan wa 5-0 za mwaka 2012 hadi Aussems na Gomes, hakuna aliyefika fainali ya Afrika. Kibadeni yuko wapi kwenye orodha za vijiweni? Tunamkumbuka kwa mabao yake matatu katika 6-0 za 1977 tu. Alirudi kuifundisha timu, na mwaka 2013 akaondolewa kumpisha Zdravko Logarusic, ambaye hata mwaka hakuumaliza.

Na sisi wa Korogwe ndio tusingepaswa kabisa kushangazwa na kocha mzawa. Taifa Stars ilipofuzu AFCON ya kwanza, ile ya 1980, kwenye benchi alikuwa Joel Bendera, huyu huyu aliyekuja kuwa mbunge wetu wa Korogwe Mjini. Hemed Suleiman 'Morocco', aliyewahi kuifundisha Coastal, ndiye aliyeifikisha Stars kwenye AFCON ya 2025. Septemba 2025 Fadlu alipoondoka ghafla katikati ya mechi mbili za Gaborone United, Simba ilimkimbilia nani kukaa kwenye benchi mchezo wa marudiano? Huyo huyo Morocco. Akavusha timu, akashukuriwa, akarudi zake.

Upande wa pili wanajua kupima zaidi? Sidhani. Yanga ilimfukuza Zlatko Krmpotic Oktoba 2020 baada ya mechi tano za ligi ambazo hakufungwa hata moja, na Miguel Gamondi, aliyewapa zile tano, akaondolewa Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United. Ila wao wana ligi nne mfululizo za kufunikia hayo. Simba haina.

Barker alikuta timu haina pointi hata moja kwenye kundi, na Esperance ya Tunisia ikisubiri Januari. Simba anaijua. Aprili 2025 alikuwa upande wa pili kwenye nusu fainali, bao moja la faulo la Jean Charles Ahoua pale Amaan likamnyima fainali. Ni kocha mzuri, aliikuza Stellenbosch kwa miaka, siyo miezi. Kwenye benchi alikuwepo Selemani Matola, nahodha wa Simba iliyoitoa Zamalek mwaka 2003, ambaye ameshaikabidhi timu hii kwa wageni wengi kiasi kwamba nadhani hata yeye ameacha kuhesabu. Ningependa kujua kama safari hii kuna kiongozi yeyote wa Msimbazi aliyekaa na Matola, kabla ya kumpigia simu Barker, akamuuliza yeye anataka nini.