Nani Anaziua Nyimbo Zetu?

Tulialikwa arusi hapa Ruashi. Chakula kilikuwa tele, vinywaji tele, na muziki ulisikika mpaka barabarani. Babu wa bibi arusi akamwendea kijana aliyesimamia muziki, akamwomba kwa upole: "Mwanangu, utupigie Masanga ya Mwenda." Kijana akacheka: "Mzee, wimbo huo nani anaujua? Kinshasa hawaupigi." Watu wa meza ya karibu wakacheka pamoja naye. Mzee akarudi kukaa, akainamisha kichwa.

Sisi makatekista tulikuwa kwenye meza ile. Sisi pia tulicheka. Ndiyo sababu tunaandika leo.

Katika neno la kijana yule mna hukumu: wimbo usiopigwa Kinshasa si kitu. Wengi wetu tunaishika hukumu hiyo bila kuipima. Basi, tuipime.

Mwenda Jean Bosco, wa ukoo wa Bayeke wa Bunkeya, alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akainasa sauti yake na gita lake. Masanga ni mmoja wa nyimbo hizo. Anayeusikia hudhani watu wawili wanapiga, kumbe ni mtu mmoja na gita moja. Santuri zake zilivuka mipaka. Wapiga gita wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza yeye na ndugu yake Edouard Masengo, nao wote wawili walifika Nairobi kufanya kazi. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gita mbele ya watu wa Marekani katika tamasha la Newport. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya motokari huko Zambia. Na hapa mjini hakuwa peke yake. Alikuwako Losta Abelo. Lilikuwako kundi la Jecoke katika mtaa wetu wa Kenya. Waliimba kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha kambi za wafanyakazi na cha sokoni.

Mbona basi taifa zima halikuziimba nyimbo hizo? Je, zilikuwa dhaifu? Mtu aliyesikilizwa Nairobi na Newport hawezi kuitwa dhaifu. Sababu ni nyingine. Nyumba kubwa za santuri, kama ile ya Ngoma iliyoanza mwaka 1948, zilikuwa Léopoldville. Wimbo wa Marie-Louise wa Wendo, wa mwaka ule ule 1948, ulikuwa wa Kilingala, na Kilingala kilikuwa lugha ya askari. Baadaye, tangu 1965 mpaka 1997, kilikuwa pia lugha aliyoipenda Mobutu katika kuwahutubia watu. Tena kutoka kwetu mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500, na reli yetu inakoma Ilebo. Kutoka hapo msafiri hushika mto. Wimbo hauna miguu. Huenda unakopelekwa na mashine, na fedha, na lugha ya wenye amri. Usipopelekwa, kosa si la wimbo.

Wengine watatujibu: "Mnaleta ukabila." Hapana, ndugu. Miaka ya 1992 na 1993 tuliona katika jimbo letu jirani akimfukuza jirani kwa sababu ya asili yake, na watu wakilala na watoto wao katika vituo vya gari la moshi. Anayetaka kugeuza wimbo kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake, asitutafute sisi. Nyimbo za Kinshasa ni njema, nasi tunazicheza. Indépendance Cha Cha ya Kabasele ya mwaka 1960 ni yetu sote. Nyimbo hizi za gita nazo zilisikilizwa na watu wa makabila mengi, waliokutana mjini kutafuta kazi. Kuzitunza ni kutunza kumbukumbu ya kukaa pamoja.

Wengine watasema: "Hayo ni mambo ya baa, Wakristo yanawahusu nini?" Basi tutazame kanisani. Padre Guido Haazen alikuwa Kamina na waimbaji wake. Misa yao, Missa Luba, ilinaswa mwaka 1958, ikatolewa na kampuni kubwa ya santuri ya Ulaya, ikajulikana duniani. Joseph Kiwele, mwana wa Katanga, alitunga Misa yake pia, Misa ya Katanga, lakini haikupata njia kama ile. Je, sala za Misa ya Kiwele zilisikika kidogo mbinguni? Hakuna Mkristo atakayesema hivyo. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, katika hati yake juu ya Liturjia, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayoustahili. Haukusema muziki wa mji mkuu peke yake.

Tumefika sasa kwenye jibu la swali letu. Kinshasa hawajaua wimbo wetu hata mmoja. Waliopiga nyimbo zao hawakutukataza kupiga zetu. Wauaji wako hapa, na sisi ni miongoni mwao. Siku moja mama mmoja mzee alikuja kwenye mazoezi ya kwaya yetu. Alitaka kutufundisha wimbo wa matanga, ambao mama zake waliuimba usiku kucha kumfariji mfiwa. Sisi tuliosoma seminarini tukamjibu: "Mama, wimbo huo haumo kitabuni." Akasema: "Ndiyo, baba," akaenda zake. Mwaka uliofuata alikufa. Kwenye matanga yake tuliimba nyimbo za kitabuni, kwa maana wimbo wake hakuna aliyeujua. Jambo hilo linatuuma mpaka leo. Hakuna redio tunayoweza kuilaumu, wala serikali. Sisi ndio tuliofunga mlango.

Basi, tunawaomba mambo matatu. Kila kwaya iwe na daftari la nyimbo za wazee, yaandikwe maneno yake, na jina la aliyezifundisha. Kila kijana mwenye simu anase sauti ya babu yake au bibi yake, mwezi huu, asingoje matanga. Tena, kwenye arusi zetu, mzee akiomba wimbo, apigiwe. Na kama yuko mpiga gita wa zamani mtaani, aalikwe na alipwe kama wengine wanavyolipwa.

Sisi wenyewe tumeanza. Tulimwendea yule babu wa arusi nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Alitutazama kitambo, kisha akamtuma mjukuu alete gita kutoka chumbani. Lilipungua nyuzi mbili. Ninyi mnaosoma maneno haya, katika nyumba yenu liko gita gani linalongoja nyuzi?