Spidi inakufa usiku: ni kelele ya mkongo au ni sisi?

Wadau, 12 Mei 2024 mnaikumbuka. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima tukabaki tunatazama kiduara kinazunguka. Njia nyingine zilibaki, ila watu wote tukasukumwa humo humo. Kama abiria wa boti tatu kupakiwa moja pale Nyamisati.

Tangu hapo, spidi ikishuka tu Baleni, lawama ni "mkongo". Jamani, tutenganishe mambo.

Mkongo una kelele zake kweli. Mwanga ndani ya faiba hupungua nusu kila kilomita 15 hivi, na EASSy ina kilomita 10,000 hivi. Kwa hiyo chini ya bahari kuna vikuza mwanga vimepangwa njia nzima. Tatizo, kila kikuza kinatoa pia mwanga wake wa ovyo, na kinachofuata kinaukuza huo huo pamoja na ujumbe wako. Uzi mmoja hubeba rangi kibao za mwanga, kila rangi na data zake. Ukizidisha nguvu ili kushinda kelele, rangi zinaanza kuingiliana. Kijiweni wote wakipaza sauti, nani atasikia? Claude Shannon alishaonyesha mwaka 1948 kuwa kelele inaweka kikomo cha data zinazopita bila makosa.

Lakini kelele hiyo haijui saa. Saa kumi alfajiri na saa mbili usiku iko vile vile. Kinachobadilika ni watu. Kwenye faiba ya majumbani aina ya GPON, uzi mmoja hugawanywa kwa wateja 32, hata 64, wakichangia gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde za kushusha. Kupandisha ni nusu yake, tena kwa zamu. Wa simu ndio kabisa, kipande chako cha mwisho ni redio ya mnara, unagombea na kijiji kizima.

Kwa hiyo pima spidi alfajiri, pima tena usiku, wiki nzima. Alfajiri safi, usiku hoi? Huo ni msongamano, na dawa yake ni mtoa huduma kuongeza uwezo, asituletee hadithi za bahari. Mbovu saa zote? Hapo tafuta kiungo kichafu, waya uliopindwa, au mawimbi hafifu ya mnara.

Nasema haya kwa sababu kijana wa fomu six anayeomba mkopo HESLB analipia saa nzima ya kafe kungoja ukurasa ufunguke, na siku ya mwisho haimsubiri. Akienda kulalamika mikono mitupu, atajibiwa "mkongo" na kurudishwa.

Haya, wekeni vipimo hapo chini: saa, spidi, na uko wapi. Wa Kilindoni pia mnakaribishwa, msijifanye mko Ulaya.