Mtoto akimaliza katuni, usizime swali lake

Mwezi uliopita nilikwenda Kighare, kule Usangi, kumwona mdogo wangu. Ukiiacha barabara kuu pale Mwanga na joto lake, ukaanza kupanda milima ya Upare, utatafuta sweta kabla hujafika. Asubuhi ya kwanza nilipofungua mlango sikuuona hata mgomba ulio karibu na jiko. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

Mwanawe wa miaka minane alikuwa ameshika simu ya mama yake, anaangalia katuni fupi kuhusu mzunguko wa maji. Jua linachoma bahari, mshale unapanda juu, wingu linatokea, mvua inanyesha mlimani. Ilipoisha akatazama nje, kisha akauliza: “Mama, bahari iko mbali. Sasa huu ukungu wa kwetu unatoka wapi?”

Mama yake alikuwa anakoroga uji. “Kunywa uji utachelewa shule. Na hiyo simu ilete, unanimalizia bando.”

Mtoto akanyamaza. Jioni yake mdogo wangu ananilalamikia kwamba walimu wanasema mtoto ana akili lakini darasani haulizi kitu. Nikamwambia, “Asubuhi aliuliza, mdogo wangu. Sisi ndio hatukumjibu.”

Mzazi mwenzangu, simlaumu. Nami nimewahi kufanya hivyo mara nyingi, tena kwa wanangu mwenyewe. Tunafurahi mtoto akitulia na katuni, lakini akiinua kichwa na kuuliza tunaona ametusumbua. Kumbe hapo ndipo somo linapoanza.

Katuni nzuri zipo, na za Kiswahili zipo. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2014, na inafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Wadogo wa chekechea wana Akili and Me ya watengenezaji hao hao. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto walioangalia Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua herufi kuliko wenzao walioangalia vipindi vingine. Kwa hiyo picha zinasaidia. Ila katuni haijui kwamba mtoto wako anaishi Kighare na ukungu uko mlangoni. Hilo unalijua wewe.

Basi kesho yake tulijaribu. Mama aliinjika sufuria ya maji. Yalipochemka, akashika mfuniko wa baridi juu ya mvuke, mtoto akisimama mbali kidogo na moto. Baada ya muda mfupi mfuniko ukajaa matone. “Nani kayamwagia maji huko juu?” nikamuuliza. Akafikiri. “Ni mvuke. Umegusa baridi.”

Tukatoka nje. Nikamwambia upepo unaotoka Bahari ya Hindi, karibu kilomita 200 kutoka hapa, hubeba mvuke ambao hatuuoni. Njiani hupokea mwingine kutoka misituni na mashambani. Ukifika kwenye mlima hauna pa kupita ila kupanda, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Mvuke ukipoa hugeuka matone madogo sana. Yakiwa juu tunayaita wingu, yakitugusa miguuni tunayaita ukungu. “Kwa hiyo mlima ndio mfuniko!” akasema. Sikuwa na la kuongeza.

Bibi yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akadakia. Akaeleza jinsi wazee wa Upare walivyochimba ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mtoto alikuwa akipita karibu na ndiva kila siku bila kujua kwamba nayo imo kwenye hadithi ile ile. Akachukua daftari, akachora picha nne: bahari, mlima, kijito, ndiva. Halafu akamsimulia mama yake, naye akamrekodi kwa simu. Video ya dakika moja, bando halikuguswa.

Usiku nikawapa hadithi ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kwenye milima jirani ya Usambara. Wakitengeneza aiskrimu, aliweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Wiki hii jaribu haya. Angalia katuni moja pamoja na mtoto, si tano. Muulize, “Umeona nini? Hapa kwetu kinafanana na nini?” Akiuliza usilolijua, sema, “Sijui, tutafute.” Hutapungukiwa heshima. Kama una kazi mkononi, mwambie, “Nikimaliza uji nitakujibu,” kisha mjibu kweli.

Juzi mdogo wangu alinipigia. Mtoto amemuuliza mwalimu kwa nini Same ni kukavu na Usangi kuna mvua. Mwalimu amewapa darasa zima wakatafute jibu.

Tukutane wiki ijayo.