Mbwa wa kuchunga anauzwa dola 38,000: sisi wafugaji wa mashariki tushike nini?

Mwezi wa pili 2021, huko Wales, inchi ndogo ya milima iliyo sehemu ya ufalme wa Uingereza, mbwa jike mmoja aitwaye Kim aliuzwa kwa paundi 27,100. Kwa kubadilisha feza wakati ule, ilikuwa karibu dola 38,000. Kim alikuwa na mwaka mumoja tu. Tuseme ngombe kwenye soko lenu iko dola 500: kwa ile feza ungerudi nyumbani na ngombe 76.

Habari kama hii ikipita katika telefone, watu wanacheka, wanasema Wazungu wanachezea feza. Lakini aliyemununua Kim hakununua mbwa wa kulala kwenye kiti. Wanaonunua mbwa kwenye minada ile ni wafugaji, watu wa kuhesabu. Kwetu Masisi, Lubero, Djugu ao Itombwe, kuna familia ambazo mbuzi wanne ao watano njo benki yao. Mbuzi mumoja akipotea, mutoto mumoja wa sekondari anaweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Kwa hiyo swali la nani anachunga na kwa bei gani, si swali la kuchekesha. Tulitazame pole pole.

Bei si ya mbwa, ni ya siku

Kitu cha kwanza: Kim hakuwa tena kitoto cha mbwa. Mwenye kumuuzisha alikuwa amekwisha kumufundisha. Mbwa wa namna yake, wanaoitwa Border Collie, anafanya kazi kwa kusikia filimbi na maneno machache. Bwana wake anasimama chini ya mulima, mbwa anazunguka juu mbali sana, anakusanya kondoo waliotawanyika, anawashusha bila kuuma hata mumoja. Kazi ambayo ingeomba watu wengi kutwa nzima, mutu mumoja na mbwa wake wanaimaliza asubuhi.

Ile akili haikuja mwaka jana. Mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo huko Uingereza yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873. Mwaka 1893, upande wa Northumberland, kulizaliwa mbwa mumoja, Old Hemp, aliyefanya kazi kimya kimya, kwa macho tu, bila kubweka. Wafugaji wengi walitaka uzao wake, na Border Collie wa leo karibu wote wanarudi kwake. Mwaka 1906 wafugaji waliunda shirika lao, International Sheep Dog Society, linaloandika katika vitabu baba na mama wa kila mbwa. Kwa hiyo mwenye kununua anajua ukoo, na anaona kwa macho yake kazi ambayo mbwa anafanya.

Kitoto cha wiki nane ni mambo mengine. Kule Uingereza, kitoto cha wazazi wanaofanya kazi kinaweza kupatikana kwa paundi mia kadhaa. Kwa nini tofauti iko kubwa hivyo? Kwa sababu kitoto ni bahati nasibu. Kinaweza kukua kikaogopa kondoo, ao kikapenda kuwauma, ao kikawa kivivu. Hakianzi kujifunza kazi ya kweli mbele ya miezi mingi, na kukamilika kunaweza kuchukua miaka miwili ao mitatu. Mwenye kununua kitoto analipa kidogo leo, halafu analipa kila siku: chakula, chanjo, na saa zake mwenyewe za kufundisha. Mwenye kununua mbwa aliyekamilika analipa siku za mutu mwingine. Njo maana mwaka 2020 mbwa mwingine, Megan, aliuzwa paundi 18,900 na akavuka bahari mpaka Oklahoma, Marekani.

Wenye kuhesabu walikuta nini

Watafiti wa Australia waliuliza wafugaji zaidi ya 800 wa inchi yao gharama na faida ya mbwa wa kuchunga. Kwa mbwa wa katikati, gharama yote ya maisha yake, tangu kununua mpaka chakula na matunzo, ilikuwa dola za Australia 7,763. Kazi aliyoifanya ilikadiriwa dola 40,000. Ni kusema kila dola moja iliyoingia ilileta zaidi ya tano.

Lakini tusikimbie. Hesabu ile inasimama juu ya kitu kimoja: kule, mushahara wa mutu uko juu sana. Mbwa anachukua nafasi ya mutumishi ambaye angelipwa kila mwezi. Hapa kwetu nani anachunga? Mara nyingi ni mutoto wa nyumbani, na hakuna anayemulipa. Kwa kusema hivyo tunaona kama kuchunga ni bure. Si bure. Tangu 2019 masomo ya shule za musingi za serikali ni bila kulipa, lakini mutoto aliye mulimani na mbuzi hayuko darasani. Yule mutoto anailipa ile kazi kwa miaka yake mwenyewe. Katika vita hii isiyoisha, analipa pia kwa hatari, maana mwenye bunduki akikuja kutafuta mifugo, mutu wa kwanza kukutana naye ni muchungaji.

Kuna mbwa wa kuongoza na mbwa wa kulinda

Hapa watu wengi wanachanganya. Border Collie ni mbwa wa kuongoza: anafukuza na kukusanya kwa kufuata neno la bwana wake. Bila bwana aliyejifunza naye, hana faida. Anaweza hata kusumbua kundi mpaka kondoo wakonde. Kwetu, pahali mashamba ya mahindi na maharagi yamegusana na malisho, mbwa wa kukimbiza mbuzi asiye na adabu atakuletea kesi kwa chifu mbele ya jua kuzama.

Mbwa wa kulinda ni mwingine. Huyu hakimbizi mufugo. Anakaa katikati ya kundi kama ndugu, na kitu kigeni kikikaribia anabweka na kusimama mbele. Namibia wanayo habari nzuri juu ya hiyo. Shirika Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, ili walinde mbuzi na kondoo juu ya chui, duma na mbweha. Shida yao ilikuwa kwamba mufugaji aliyepoteza mbuzi alikuwa anaua duma. Wafugaji waliopewa mbwa walisema hasara yao ilipunguka sana. Lakini mbwa mukubwa vile anakula sana, na bila ya shirika nyuma yake mufugaji masikini hawezi kumubeba.

Njo Botswana wakajiuliza swali ambalo hata sisi tunapaswa kujiuliza: na mbwa wetu wa kijiji? Shirika la kule linaloshugulika na duma, Cheetah Conservation Botswana, lilifuatilia mbwa wa kienyeji, wale wembamba wa kila kijiji, waliolelewa pamoja na mbuzi. Waliona kwamba walifanya kazi vizuri kama wale wa bei kali, na gharama yao ilikuwa chini sana. Mbwa wa kienyeji anavumilia jua, anavumilia magonjwa ya pale, na anashiba na chakula kidogo.

Siri iko katika malezi. Kitoto kinaachishwa kunyonya, kinaingizwa katika zizi la mbuzi kikiwa bado na wiki chache. Kinalala na mbuzi, kinakula pale, watoto hawakibebi kila saa kukipeleka nyumbani kucheza. Kikianza kufukuza mbuzi ao kuvuta masikio yao, kinakemewa palepale. Wazee walisema mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo; kwa mbwa iko vilevile. Akikua, anafikiri kundi njo familia yake.

Bei ya kweli kwa mutu wa hapa

Basi tufanye hesabu yetu. Mwenye mbuzi wawili anaowafungaka kamba karibu na nyumba hahitaji kununua mbwa. Kamba na jicho vinatosha. Mwenye mbuzi kumi na tano wanaolala mbali na nyumba, ao karibu na mbuga ambako wanyama wa pori wanatoka usiku, huyo anaweza kufaidika. Kitoto cha kienyeji mara nyingi jirani anakutoa bure ao kwa kuku mumoja. Gharama inabaki tatu: chakula, muda, na chanjo.

Chakula, familia nyingi zinatoa mabaki ya bugali na sambaza. Ni sawa, kama ni kila siku. Mbwa anayelala njaa ataacha kundi aende kutafuta, na siku moja atamukula mwana-mbuzi yeye mwenyewe.

Chanjo ndiyo watu wanaruka, na ndiyo inaua. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linahesabu karibu watu 59,000 wanaokufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi Afrika na Asia. Kati ya watu kumi wanaoumwa na mbwa wanaozaniwa kuwa na ugonjwa huo, wane ni watoto chini ya miaka 15. Alama za ugonjwa zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa wa bure asiye na chanjo anaweza kuwa mbwa wa bei kali kupita Kim. Mutu akiumwa: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu kimbia kwenye kituo cha afya siku ileile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na tuseme ukweli mwingine. Mbwa anabweka juu ya mwizi wa usiku na mbweha. Hawezi kusimamisha kundi lenye silaha linalokuja kubeba ngombe za kijiji kizima. Ile ni kazi ya usalama, na mbwa hawezi kuchukua nafasi ya wenye mamlaka.

Mbele ya kutoa feza

Katika miji yetu watu wanauzisha vitoto kwa jina la "mbwa ya kizungu" kwa bei ya kuogopesha. Kama unataka kwa ajili ya kazi, uliza hivi: baba na mama yake wanafanya kazi gani, na naweza kuwaona wakifanya? Kadi ya chanjo iko wapi? Kina wiki ngapi? Nani atakaa nacho kila siku miezi sita ya kwanza? Kama jibu la swali la mwisho ni "hakuna", beba feza yako urudi nayo.

Tusisahau pia kwamba Congo yetu nayo imetoa mbwa wa kazi. Basenji, yule mbwa wa uwindaji asiyebweka kama wengine, wawindaji wa pori zetu walikuwa wanamufunga kengele ya mbao shingoni. Waingereza walimuchukua kwao miaka ya 1930, na leo anazaliwa na kuuzwa kwa makaratasi Ulaya na Marekani. Damu ilitoka kwetu. Bei imewekwa na wale walioandika ukoo na kumutunza.

Kwa hiyo dola 38,000 za Kim zisitutishe na zisituchekeshe. Kile kilicholipwa pale ni uvumilivu wa mutu aliyetoka nje na mbwa wake kila asubuhi. Ule uvumilivu hata mufugaji wa Masisi anao. Anaweza kuanza na kitoto cha jirani, zizi la mbuzi, na sindano moja ya chanjo.